Behewa la mafuta kwa reli ya mezani: pimeni kona kwanza

Mhariri,

Assalaam aleikum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tukamilishe jibu lililoachwa nusu. Katika safu ya maswali ya wasomaji, mzazi mmoja wa Wete aliuliza anunue behewa gani la mafuta kwa reli ya mfano ya wanawe. Alieleza vizuri alichonacho: plaiwudi moja ya futi nne kwa nane, mzunguko mmoja wa reli, njia mbili za pembeni, na kichwa kimoja kifupi cha dizeli cha kupangia mabehewa. Akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba achukue lolote lililoandikwa HO, litapita.

Maandishi hayo ya kwenye boksi yanaeleza kipimo tu. HO ni 1 kwa 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5, ambao ukizidishwa mara 87 unapata milimita 1,435, yaani upana wa SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Hayasemi behewa lina urefu gani, limeundwa kubeba kitu gani, ni la miaka ipi, wala lina uzito gani. Mzazi yule akifuata jibu lile, atavutiwa na behewa kubwa lenye picha nzuri kuliko yote, atalipa na nauli ya kulisafirisha, kisha atalikuta linaacha njia kwenye kona ile ile kila mzunguko.

Kona ndiyo inayotangulia, kwa kuwa ubao umeshakatwa na hautanuki. Plaiwudi ya futi nne ina upana wa sentimita 122. Ukiacha nafasi ya pembeni ili treni isianguke sakafuni, kona kubwa inayoingia ina nusu kipenyo cha kama sentimita 56, na hiyo ni kwa kubana. Seti nyingi za Kimarekani huja na kona za nusu kipenyo cha milimita 457, yaani inchi 18. Za Ulaya hubana zaidi: Märklin huanza na milimita 360, na Hornby ya Uingereza na milimita 371. Mzazi apime mwenyewe, kutoka katikati ya duara hadi katikati ya reli mbili, asitegemee kumbukumbu.

Akishapata namba hiyo, aigawe kwa tatu. Jibu ndilo urefu wa behewa litakalopita bila shida na bila kuchekesha. Akigawa kwa mbili na nusu, bado litapita ikiwa reli zimelazwa vizuri. Akigawa kwa mbili amefika mwisho wa kamba: litapita leo, kesho litaacha njia, na hakuna atakayejua sababu. Kwa kona ya milimita 457, theluthi yake ni milimita 152. Kwa kona ya 371 ni 124.

Sasa tuyatazame mabehewa yenyewe. Tangi la kisasa la Kimarekani la galoni 30,000, ambalo ndilo linalojaa kwenye matangazo ya mauzo, lina urefu wa kama mita 18. Katika HO hiyo ni milimita 208 hivi. Linataka kona ya milimita 624 kwa hesabu ya tatu, na hata kwa hesabu ya mbili linataka 416. Tangi la zamani la galoni 10,000, lenye kuba moja juu katikati, ni kama mita 11, yaani milimita 126. Hili linaingia kwenye kona zote tulizozitaja, isipokuwa kwenye zile za milimita 360 na 371 linapita kwa kubana kidogo. Behewa la Uingereza la magurudumu manne, lile la tani 45 lililoanza kutumika miaka ya 1960, lina urefu wa sentimita 11 hadi 12 katika kipimo chake cha OO, tutakachokieleza mbele, na ekseli zake ziko milimita 60 tu kutoka moja hadi nyingine. Kwa ubao mdogo, hakuna tangi la mafuta lenye tabia njema kuliko hilo.

Urefu una tatizo jengine ambalo halionekani mpaka nyumba zishagandishwa. Behewa likiwa kwenye kona, tumbo lake hujitokeza upande wa ndani na pembe zake hutoka nje. Kiasi cha tumbo kinapigiwa hesabu: chukua umbali kati ya misumari ya bogi mbili (vigari vya magurudumu manne vilivyo chini ya ncha za behewa), uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo. Tangi kubwa lina kama milimita 160 kati ya bogi. Kwenye kona ya 457 tumbo hutoka milimita 7. Tangi dogo lina kama 91, na tumbo lake hutoka milimita 2 na kidogo. Tofauti ya milimita 5 ndiyo inayoangusha nguzo ya taa, au inayokwangua pampu ya mafuta iliyokaa kipindi chote cha Ramadhani ikipakwa rangi.

Baada ya kona ni njia ya pembeni. Hapa kosa la kawaida ni kupima kutoka ncha ya pointi, pale reli zinapogawanyika. Nafasi ya kuegesha haianzii hapo. Weka behewa moja kwenye njia kuu na jengine kwenye njia ya pembeni, uyasogeze kuelekea pointi mpaka yakaribie kugusana, kisha rudi nyuma sentimita moja na utie alama. Alama hiyo hadi mwisho wa njia ndiyo nafasi yako. Kwenye ubao wa futi nane mara nyingi husalia sentimita 40. Mabehewa mawili makubwa yanataka sentimita 41.6 na hayaingii. Madogo matatu yanataka 37.8 na yanaingia, na bado unaweza kuyapanga upya, hili liende pampuni na lile litoke. Mchezo wa njia ya pembeni ni huo wa kupanga. Njia iliyojaa behewa moja refu haina mchezo wowote.

Mtu atauliza: tangi dogo litatosha kweli kukilisha kichwa cha treni? Linatosha na kubaki. Vichwa vidogo vya Kimarekani vya kupangia mabehewa, kama SW9 vya kampuni ya EMD, vilikuwa na tangi la galoni 600, takriban lita 2,270. SW1500 iliyokuja baadaye ina galoni 1,100. Behewa la galoni 10,000 ni lita 37,850, kwa hiyo SW9 hujazwa mara 16 kabla halijakauka. La galoni 30,000 lingekaa pale mpaka rangi yake ipauke. Reli yenye kichwa kimoja haiagizi mafuta kwa wingi huo, na mtazamaji anayejua ataliona hilo kabla ya kuona kitu chengine. Behewa moja linaloletwa limejaa na kuchukuliwa likiwa tupu linatosha. Ukitaka wanao wacheze kwa utaratibu, andika kadi mbili ndogo, moja "limejaa" na moja "tupu", wazibadilishe kila linapotoka kwenye pampu.

Tunakuja kwenye kosa ambalo hata wauzaji hulifanya, la kuuza tangi la gesi kama tangi la dizeli. Yote ni mapipa yaliyolala, na kwa asiyejua yote ni mafuta. Tazama chini ya tangi, katikati. Behewa la mafuta ya maji, kama dizeli, petroli au mafuta ya taa, lina mdomo wa kutolea chini, na valvu yake inaonekana. Behewa la gesi halina kitu chini. Valvu zake zote ziko juu, ndani ya kikopo kimoja kizito cha chuma chenye kifuniko, kwa sababu gesi imo kwa mgandamizo na hakuna anayetaka tundu upande wa chini wa chombo cha namna hiyo. Mengi ya Kimarekani hupakwa rangi nyeupe kusukuma joto la jua, na yale ya Ulaya huvikwa mshipi wa rangi ya chungwa kulizunguka tangi. Ukiona mshipi huo, hilo si la pampu yako ya dizeli hata likiuzwa nusu bei.

Lipo pia la asidi. Hili hujulikana kwa wembamba wake. Asidi ya salfa ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita, dizeli ina kama 0.84, na petroli iko karibu na 0.74. Bogi zinabeba tani zile zile, kwa hiyo tangi la asidi linafanywa jembamba na tangi la petroli linaweza kuwa nene. Tangi jembamba lenye mkanda mweusi katikati, pale asidi inapomwagika, ni zuri kwa kiwanda, si kwa kituo cha mafuta. Na tangi lililovishwa koti la bati nje, lenye mabomba ya mvuke chini, ni la mafuta mazito, yale yanayoganda yakipoa hadi yapashwe moto ndipo yatoke.

Ndani ya mafuta yenyewe rangi husaidia, lakini si popote. Uingereza walikuwa na kanuni: mafuta mepesi yanayowaka upesi, kama petroli, yalibebwa kwenye tangi la rangi ya fedha, baadaye kijivu cheupe, na fremu nyekundu, mafuta mazito zaidi, dizeli ikiwemo, kwenye tangi jeusi. Kwa hiyo mwenye treni ya Kiingereza ya miaka hiyo anayeweka tangi la fedha mbele ya pampu ya dizeli amekosea, na la jeusi ndilo lake. Marekani hawakuwa na kanuni hiyo, kila mwenye mabehewa alipaka apendavyo, na nyeusi ilikuwa nyingi mno.

Kwa treni za Ulaya za karibuni, kitambulisho ni kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyengine. Dizeli ni 30 juu na 1202 chini. Petroli ni 33 na 1203. Mafuta ya taa ni 30 na 1223. Vibao hivi vinaweza kuchapishwa kwenye karatasi ya kawaida na kugandishwa, na vinalifanya behewa la bei ndogo lionekane limefikiriwa. Ila hakikisha namba ni ya mafuta yako. Tangi lenye 1203 kando ya kichwa cha dizeli ni sawa na kumtilia petroli mwenye lori.

Miaka nayo isisahauliwe, ingawa hatutaikalia sana. Kuba lile kubwa la juu liliwekwa ili mafuta yapate pa kutanuka wakati wa joto. Mabehewa mapya yaliacha kuwa nalo kwenye miaka ya 1950 na 1960, na fremu ndefu chini ya tangi nayo ikaanza kutoweka, tangi lenyewe likawa ndiyo uti wa mgongo. Baada ya treni ya mafuta ghafi kuripuka Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013, ikaua watu 47, Marekani ilileta aina mpya iitwayo DOT-117: chuma kinene zaidi, koti la nje, na ngao nzima kwenye ncha zote mbili. Mwenye kichwa cha miaka ya 1950 aende na kuba. Mwenye kichwa cha leo aende na tangi lisilo kuba, lakini atafute lile fupi.

Na lile neno OO. Reli zake ni zile zile za milimita 16.5, kwa hiyo behewa la OO litakaa kwenye reli za HO na litavutwa. Lakini OO ni 1 kwa 76, na kila kitu chake ni kikubwa kwa asilimia 14. Tangi la OO nyuma ya kichwa cha HO huonekana limeazimwa kwa jirani. Viungio navyo hutofautiana. Chagua ukoo mmoja ubaki nao.

Tuseme behewa limefika. Usilitie relini siku hiyo hiyo. Lipime kwanza kwa mizani ya dukani, ile ya gramu. Chama cha Marekani cha wenye reli za mfano, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia moja, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28, ukiongeza 14 kwa kila milimita 25. Tangi la milimita 126 linataka gramu 99 hivi, na kubwa la 208 gramu 144. Mengi ya bei nafuu huja mepesi kuliko hapo, na behewa jepesi likiwa kati ya mazito hunyanyuliwa likaelekea ndani ya kona treni inapovuta, au hubanwa likaruka treni inaporudi nyuma. Watu hulaumu reli, na reli haina kosa.

Uzito unaongezwa ndani ya tangi, chini kabisa, ukigawanywa sawa juu ya bogi zote mbili. Ncha za tangi mara nyingi hutoka kwa kubanduliwa polepole kwa kisu butu. Na hapa tunawaomba wasomaji wasikilize vizuri, maana hasara yake huja baada ya miaka. Kitu kizito kilicho karibu na kila mtu visiwani ni chubwi, risasi za mshipi wa kuvulia. Zinaingia vizuri, ni nzito, ni rahisi. Lakini msizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa mvuke wa asidi kama ya siki, risasi hugeuka unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Tangi hutuna, kisha hupasuka mshono kama tikiti. Katika unyevu wa huku, tangi lililozibwa halikauki ndani, na mambo huenda mbio zaidi.

Tumieni gundi ya epoksi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, kidogo kidogo, mkingojea ikauke kabla ya kuongeza. Ikimiminwa nyingi kwa pamoja hupata joto na kulipinda tangi la plastiki. Aliye na watoto wadogo aache risasi kabisa, maana ni sumu, atumie nati na washa za chuma zilizopakwa rangi kwanza ili zisishike kutu, au vipande vya shaba nyeupe kutoka kwa fundi bomba. Anayeshika risasi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Wapo watoto wanaofikiri tangi la mafuta litiwe mafuta. Wakatazwe mapema. Kitu chochote cha maji huenda mbele na nyuma kila treni ikisimama na kulisukuma behewa nje ya reli. Petroli huiyeyusha plastiki ya polistirini, mafuta ya taa huitia nyufa, na vyote viwili viko karibu na waya za umeme. Hapana.

Magurudumu yawe ya chuma. Ya plastiki hukusanya uchafu na kuupaka kwenye reli zote. Kipenyo chake katika HO ni milimita 9.6 kwa mabehewa ya tani 70 kushuka chini, na 10.5 kwa yale makubwa ya tani 100. Muhimu kuliko kipenyo ni umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa OO ni milimita 14.5, kwa HO tumia kipimo cha bati cha NMRA, kinachogharimu kidogo na kumaliza ubishi. Gurudumu lililosogea hata nusu milimita hupita njia nzima salama na kuruka kwenye pointi tu. Lizungushe taratibu huku ukilivuta, litarudi mahali pake.

Bogi moja ifungwe kwa bisibisi mpaka igeuke kushoto na kulia lakini isiyumbe. Nyengine ifungwe, kisha skrubu irudishwe nusu mzunguko ili iweze kuyumba. Kwa njia hiyo behewa hukaa kama kigoda cha miguu mitatu na magurudumu yote manane hugusa reli hata pale ubao ulipotuna. Zikifungwa zote mbili, behewa huwa ubao mgumu na gurudumu moja hubaki hewani. Zikilegezwa zote mbili, hulewa. Mafuta ya cherehani yasitiwe kwenye ncha za ekseli, yatavuta vumbi na mchanga. Unga wa grafiti, ule mweusi wa penseli laini, unatosha. Jaribio la mwisho: inua upande mmoja wa reli sentimita 2 kwa kila mita. Behewa zima litashuka lenyewe. Likigoma, ekseli imebanwa mahali.

Kuhusu viungio tutasema machache. Katikati ya kiungio cha HO cha aina ya Kadee iko milimita 9.9 juu ya uso wa reli, na cha behewa kilingane na cha kichwa. Kikiwa chini kwa milimita moja, kitachomoka kila treni inapopita mahali palipoinuka. Ule waya uliopinda chini yake usishuke karibu ya milimita 0.8 kutoka kwenye reli, ama utanasa kwenye pointi. Na mahali ambapo kona ya kushoto inafuatwa na kona ya kulia, weka kipande kilichonyooka katikati kisichopungua urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Bila ya hicho, behewa refu na fupi yaliyofungwa pamoja husukumana pembeni mpaka moja litoke. Hii nayo ni sababu ya kununua fupi.

Sasa hewa yetu. Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi havitaji chumvi ya bahari. Reli za chuma zilizopakwa shaba hazimalizi masika moja bila kutu. Nunueni za nikeli. Kuzisafisha, kitambaa kisicho na manyoya na spiriti kidogo, si msasa, kwani msasa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu zaidi. Plaiwudi ipakwe rangi pande zote na kwenye kingo, la sivyo mwezi wa Aprili itatuna na kona zilizolazwa sawa Januari zitainama. Ubao usiegeme moja kwa moja kwenye ukuta wa chokaa na mawe. Unyevu wa ukuta utahamia kwake, na mchwa nao watapata ngazi. Rangi ya kopo ya kupuliza isipulizwe siku ya mawingu mazito, unyevu huingia ndani na tangi jeusi likikauka huwa na ukungu mweupe. Kipupwe, asubuhi jua lishapanda, ndio wakati wake.

Uchafu wa mafuta kwenye tangi upakwe kwa kujizuia. Dizeli humwagika pale inapotiwa, juu kwenye mlango wa kuba, kisha huteremka katikati ya tangi pande zote mbili na kushika vumbi. Ncha za tangi hazichafuki hivyo. Petroli huyeyuka hewani na kuacha alama ndogo tu. Kati ya reli, mbele ya pampu, kokoto ziwe na doa jeusi la upana wa vidole viwili. Na kama behewa linaonyeshwa likimimina, kifuniko cha juu kiachwe wazi: tangi linalotolewa mafuta huku limefungwa juu hubanwa na hewa ya nje likabonyea kama kopo la maziwa. Marekani huwekwa pia bango la buluu kwenye reli, na likiwapo hapo hakuna kichwa kinachoruhusiwa kuligusa behewa. Watoto hulipenda bango hilo kuliko behewa lenyewe.

Kwa asiyetaka kuagiza, tangi linatengenezeka. Bomba la plastiki la maji la milimita 25 kwa nje, likikatwa sentimita 11.5, ni tangi la kipenyo cha mita 2.18 na urefu wa mita 10 katika HO, na ujazo wake ni lita 37,000 hivi, karibu sawa na lile la galoni 10,000. Ncha huzibwa kwa epoksi ya kufinyanga, ikishakauka husuguliwa kwa msasa mpaka ibenuke. Bogi na viungio ndivyo vya kununua, na hivyo hupita kwenye bahasha.

Mzazi yule hakusema kama anataka reli ya ng'ambo au ya kwetu. Kama ni ya kwetu, ajue kwamba reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. na kufunguliwa 1905, ilikuwa na upana wa futi tatu, na abiria waliacha kuipanda 1922, baadaye ikabeba mawe ya kujengea bandari. Upana huo katika kipimo cha 1 kwa 76 ni milimita 12 kamili, kwa hiyo reli za TT, kipimo chengine cha treni za mfano chenye reli za milimita 12, zinauingia bila kubadilisha chochote, na watu na nyumba za OO zinafaa kando yake. Lakini behewa la tangi lisitafutwe kwa reli hiyo. Mafuta ya miaka ile, ya taa hasa, yalikuja kwa meli yakiwa kwenye madebe, mawili mawili ndani ya kasha la mbao, na jina la debe limebaki mpaka leo kwenye mchele na mahindi. Behewa lake la mafuta ni behewa bapa lililopakiwa makasha. Kasha moja katika kipimo hicho ni milimita 6.7 kwa 3.4, na kimo milimita 4.9, kijiti cha mti mwepesi cha unene huo kikikatwa vipande hutoa makasha arubaini kwa jioni moja. Debe tupu lililosimama peke yake ni milimita 3.2 kila upande na kimo 4.6, lipakwe rangi ya bati, na machache yaachwe na kutu kwenye kingo.

Wapenzi wa reli za mfano,
Mji Mkongwe, Unguja